Usikubali waya wa umeme nyumba nzima

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa njiani sikusikia vizuri, ya pili nimekaa barazani hapa Hamamni, Unguja, watu washatoka kusali isha, na ulipotaja ile bili ya kupasha nyumba joto baridi ilopita huko Uingereza nlinyamaza kabisa maana nnaijua nyumba yako, na nnajua hamuwashi kupita kiasi, mama yupo hapo na miguu inamuuma ndo mana mnawasha. Hili nakuandikia wala sikurikodii, ulisome taratibu wewe na mkeo kabla fundi hajarudi Jumatatu.

Umesema fundi anataka kutandika zile nyavu za waya wa umeme za kupasha sakafu joto jikoni, ukumbini na chumba cha mama, siku mbili kashamaliza na bei rahisi. Kuweka ni rahisi kweli. Sasa piga hesabu ya kuwasha. Nyavu hizo nyingi ni wati 150 kwa kila mita ya mraba, ukumbi wako tufanye mita 20, hapo ushapata kilowati 3, zikiwaka mfululizo saa tano zishakula uniti 15, uniti hizihizi kama tunazonunua huku za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, na hicho chumba kimoja siku moja na baridi yenu inakwenda miezi. Na huko kwenu uniti ya umeme ni kama mara nne ya uniti ya gesi! Waya mie naukubali chooni tu, mita tatu nne za mraba, unawashwa asubuhi watu wakishakoga unazimwa.

Kwengine kote weka mabomba ya maji, yanayopashwa na boila, ile mashine ya gesi ya kuchemshia maji. Yale ya plastiki ya milimita 16, yanazungushwa sakafuni bomba na bomba sentimita 15 hivi, mzunguko mmoja usipite mita 100, halafu yote yanarudi kwenye manifoldi, lile bomba lenye matawi, na kila chumba kinakuwa na themostati yake, ile swichi ya kupimia joto, kwahivo chumba cha mgeni kisicho mtu hukilipii.

Pesa inaokoka hivi. Rediyeta ni kitu kidogo ukutani, ili chumba kizima kipate joto inataka maji ya digrii 60 au 70. Sakafu ni chumba kizima, maji ya digrii 35 mpaka 45 yanaitosha. Na boila za skuizi zinafanya kazi vizuri pale maji yanaporudi chini ya digrii 55, maana hapo ndo mvuke ulomo kwenye moshi unageuka maji na joto lake linabaki ndani ya boila, yakirudi ya moto sana joto hilo linatoka nje na moshi na weye ushalilipia. Unakumbuka tulivokuwa wadogo tukiingia humu hamamuni, zile bafu za kale za Sultan Barghash, tukaoneshwa kuwa maji ya moto yalikuwa yakipita chini ya sakafu? Yule alitawala 1870 mpaka 1888, na nlipoingia kazini huko Leicester nikaona mabomba yamelazwa chini, kitu cha kwanza kilonijia ni hapa mtaani kwetu.

Lakini mabomba peke yake hayakuokolei kitu, na hapa ndo nakuomba usome mara mbili. Nyumba ile nlopanga mwaka wangu wa tatu huko ilikuwa na mabomba ya maji sakafuni, nikafurahi, kumbe yalilazwa juu ya zege tupu. Joto linakimbilia kwenye baridi, na chini ya zege ni udongo, basi boila inanguruma usiku kucha sakafu vuguvugu tu na bili ile iliniumiza mpaka nikapunguza pesa nlokuwa nikileta nyumbani. Hilo sijalisahau mpaka leo. Kwahivo kabla ya bomba lolote kulazwa itandikwe insulesheni, zile mbao za povu gumu, zinafanana na lile boksi jeupe wanalowekea samaki na barafu hapa sokoni Darajani. Ukipata nafasi ya sentimita 10 chukua zote 10. Na pembeni kuzunguka ukuta wote uende ukanda wa povu, joto lisitokee ubavuni. Fundi akikwambia haina haja, tafuta fundi mwengine, wallahi.

Umeniuliza na pampu ya joto. Ile ni kama AC ilogeuzwa, inachukua joto la nje inaliingiza ndani, kwa uniti moja ya umeme unapata kama tatu za joto, na inapenda maji ya vuguvugu, ndo mana inakwenda vizuri na sakafu. Serikali ya huko inatoa pauni 7,500 kwa anaebadilisha boila ya gesi kwa pampu, tangu Oktoba 2023, ulizia. Kama hela haijatosha mwaka huu basi mabomba weka sasa, pampu itakuja baadae kwenye mabomba hayohayo, sakafu lakini huivunji mara mbili.

Juu weka marumaru, joto linapita upesi. Najua mkeo anataka zulia, chumbani sawa ila zulia na spanji yake yasizidi togi 2.5, togi ni kipimo cha zulia linavozuia joto, muulize muuzaji atakwambia. Ukumbini mtandike mkeka, yule wa Pemba alokuletea dada.

Mengine ya kumsimamia fundi: mabomba yajazwe maji kwa presha kabla saruji haijamwagwa na geji ibaki pale wakati wanamwaga, bomba likitoboka muone hapohapo. Piga picha sakafu nzima na futi imelazwa, kesho mtu asije akatoboa na drili. Sakafu ya saruji ikishamwagwa msiwashe mapema, kama wiki tatu ikauke, halafu mnapandisha kidogokidogo kila siku. Bahati yako sasa hivi kwenu ni joto, sie huku tumo kwenye kipupwe na kusi linavuma kweli.

Na ikianza kazi msiwashe na kuzima kama rediyeta. Sakafu nzito inachukua masaa kupata moto na masaa kupoa, iacheni, usiku shusheni digrii mbili tatu basi. Juu ya sakafu joto lisipite digrii 29, fundi aliwekee kikomo kwenye themostati, khasa chumba cha mama maana ana sukari na miguu yake haihisi vizuri.

Nitumie picha za povu likishatandikwa, kabla bomba halijalazwa, hata usiku mie nitafungua. Msalimie mama, mwambie mbaazi zake nshazipeleka uwanja wa ndege na yule mgeni, zitafika Alkhamis inshaallah.

Sahibu yako wa Hamamni