Bata mzinga si sharti la Krismasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo linalonikera kila Desemba. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tabata. Napika harusi, misiba, kipaimara na sikukuu. Miaka hii ya karibuni wateja wangu, hasa wanandoa vijana, wananionyesha picha kwenye simu: bata mzinga mzima kwenye sinia, ngozi imeiva vizuri, familia imezunguka meza. Wanataka hicho hicho. Mama mmoja aliniambia atakopa kwenye kikoba ili wanawe nao wale Krismasi ya kweli. Niliumia sana, maana pilau la mama yule nalijua, na wanawe wamekula Krismasi ya kweli tangu wazaliwe.

Sina ugomvi na bata mzinga. Wapo wanaomfuga hapa nchini, nyama yake ni nzuri, na mwenye uwezo amle kwa raha zake. Ila tujue anadai nini. Dume aliyekomaa anapita kilo nane bila shida, na kumwoka mzima ni kazi ya saa kadhaa kwenye oveni kubwa. Nyumba nyingi ninazoingia kupika zina jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa uani. Oveni ikiwepo ni ile ndogo ya kuweka juu ya meza, ambayo mlango wake haufungi ndege wa namna hiyo akiwa ndani. Tena kidari chake hakina mafuta, kikipitiliza moto kidogo tu kinakuwa kikavu, na mgeni anatafuna huku anatafuta maji.

Wala hakuanza na Krismasi. Asili yake ni Amerika, na watu wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla Wahispania hawajampeleka Ulaya katika karne ya 16. Hata Uingereza, ambako wengi tunadhani ndiko desturi ilikoanzia, katika karne ya 19 familia nyingi zilikuwa zikila bata bukini au nyama ya ng'ombe siku hiyo. Wapolandi mkesha wa Krismasi wanakula samaki. Wajapani wengi wanakula kuku wa kukaanga, kwa sababu ya kampeni ya matangazo ya KFC iliyoanza mwaka 1974. Kwa nini basi mama wa Tabata aone haya kwa jogoo wake?

Jogoo wa kienyeji ndiye ninayempendekeza kwanza. Nenda Shekilango wanakoshushwa kwenye matenga kutoka Singida na Dodoma, na usidanganywe na manyoya. Mshike, bonyeza ncha ya mfupa wa kidari upande wa tumboni. Ikipinda, huyo bado kijana. Ikiwa ngumu kabisa, na miiba ya nyuma ya miguu ni mirefu, huyo ni wa supu, mrudishe. Siku ya siku mchemshe mzima na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka nyama ianze kulegea. Mtoe, mpake viungo na mafuta kidogo, mlaze kwenye sufuria pana, moto mdogo chini, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Ngozi itakauka na kupata rangi ile ile ya kwenye picha, na mchuzi uliobaki ndio wa kupikia pilau. Oveni haikuhitajika.

Wa pili ni bata wetu wa kawaida, anayeonewa bure. Watu wanasema ananuka. Harufu hiyo inatoka kwenye kitezi cha mafuta kilicho juu ya mkia. Kikate chote kabla hujamkatakata. Maji ya kumnyonyolea yawe ya moto kuliko ya kuku na utie sabuni kidogo, la sivyo hayapenyi, halafu umsuuze vizuri. Umkaange taratibu bila kuongeza mafuta, kwa kuwa yake yanatosha, na yatakayochuja yakaangie vitunguu. Aliyewahi kula pilau lililoanza hivyo hataniuliza tena habari za bata mzinga.

Kanga naye ni mtamu, lakini awe wa kufugwa. Wa porini kumwinda bila kibali ni kosa. Na mwenye mzee asiyetakiwa kula nyama, aende soko la samaki la Feri alfajiri achukue changu amchome na kumpaka nazi na ukwaju.

Familia ikiwa kubwa, mbuzi. Majirani watatu wachange, wanunue mmoja, wagawane. Nyama yake msiikimbize jikoni mara tu baada ya kuchinja, iacheni itulie, kisha muiloweke na tangawizi na papai bichi lililosagwa. Papai lisikae usiku kucha, nyama itakuwa kama uji.

Hapo kwenye kugawana ndipo penye neno langu kubwa. Hapa mtaani kwetu anayechinja ni jirani yetu Mwislamu. Anaitwa mapema, tena anakuja na kisu chake, ili sahani zitakazotoka zifike kila nyumba na mtu asile kwa mashaka. Idi zamu inakuwa yao kutuletea. Kwa hiyo mteja akiniuliza anunue ndege gani, mimi namuuliza kwanza: unapeleka sahani ngapi? Majogoo wawili kwenye pilau la kilo tano wanazunguka mtaa. Fedha zote zikiishia kwa ndege mmoja wa kupigwa picha mezani, mchele unapunguzwa, na watoto wa jirani wanabaki kuangalia lango.

Ombi langu kwenu wahariri: kurasa za mapishi ya Desemba ziandikwe kwa jiko la mkaa na gesi ya plati mbili, na picha ya sinia iwe ya jogoo au ya bata wetu. Mzitoe wiki ya kwanza ya mwezi, kabla watu hawajakopa.

Mpishi wa shughuli,
Tabata, Dar es Salaam