Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kaa Wengi, Tondo Hakuna

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nataka tuzungumze juu ya matope.

Mliokuja kuhesabu viumbe kwenye hori ya Tudor hapa Mombasa, upande wa Mikindani, wengi mlirudi na furaha. "Mwenyekiti, kaa wamejaa!" Ni kweli, maji yakipwa ufuo mzima huonekana kama unatembea. Lakini nilipouliza nani ameona tondo, hamkunijibu.

Tondo ni yule konokono mkubwa wa mikokoni ambaye akikomaa hula majani ya mkoko yaliyoanguka. Sisi tuliokulia hapa tulikuwa tukimkanyaga kila hatua. Wala si macho yetu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa hapa Mikindani na karibu na Maputo, ulionyesha hivyo hivyo: penye majitaka ya mji uzito wa kaa ulizidi, na konokono walipungua, hasa kwa kuwa tondo ametoweka.

Inakuwaje uchafu unenepeshe kaa? Majitaka ni mbolea. Huotesha utando wa kijani juu ya matope, na utando huo ndio chakula cha wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Kaa akishiba upesi hachakuri sana. Kuchakura huko ndiko kunakogeuza matope na kuyapa hewa. Kwa hiyo kaa unawaona, lakini kazi waliyokuwa wakiifanya imepungua, na jambo hilo halionekani kwa kusimama ufuoni.

Uchafu ukizidi, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, matope yakawa meusi na kunuka mayai viza. Watafiti Pearson na Rosenberg walieleza mwaka 1978 hatua zinazofuatana: aina za viumbe hupungua, aina chache za minyoo wadogo zinazostahimili huongezeka kupita kiasi, na mwisho hakibaki kiumbe.

Nawasisitizia haya kwa sababu ya jibu tulilopewa. Tulipeleka barua na takwimu zetu kwenye ofisi moja kuhusu mfereji wa majitaka unaomwagika mikokoni. Tukaambiwa: mmeandika wenyewe kwamba viumbe ni wengi, sasa tatizo liko wapi? Niliumia sana. Hata hivyo, tuliwapa wenyewe neno hilo. Tulijumlisha viumbe wote pamoja bila kutenganisha aina, na fomu ile niliitia sahihi mimi. Nawaomba radhi.

Kuanzia sasa kila aina itakuwa na safu yake, na asiyeonekana ataandikiwa sifuri, wala nafasi yake isiachwe wazi. Matope yatapitishwa kwenye chekecheo la matundu ya milimita 1 ili minyoo nayo ihesabiwe. Hadi sasa tumekuwa tukihesabu tu kinachotambaa juu. Tutapima pia mikoko iliyo mbali na mfereji, kwa maana bila kulinganisha hatuna hoja. Kina mama wanaookota kombe wamekubali kutuonyesha sehemu walizoziacha, na kwangu hiyo ndiyo habari njema kuliko zote mwaka huu.

Wapo waliosema hori hii imekwisha, tupande miche basi. Miche tutapanda. Lakini mto Thames kule London ulitangazwa kuwa umekufa mwaka 1957. Mitambo ya majitaka ya Beckton na Crossness ilipoboreshwa, viumbe wakarudi, na mwaka 1974 samaki aitwaye samoni akapatikana tena. Kwa hiyo barua ya pili kuhusu mfereji nitaipeleka mwenyewe, safari hii na safu ya tondo juu kabisa.

Uchaguzi wa kamati utafuata chai. Hesabu ijayo ni bamvua ya kwanza baada ya masika, asubuhi maji yakianza kupwa. Kila mtu aje na ndoo.