Mjiolojia bora duniani? Semeni kwanza mmehesabu nini

Ndugu Mhariri,

Kila inapotoka orodha ya "wanasayansi bora duniani", magazeti yetu huandika kwamba mjiolojia fulani ameshika nafasi fulani, na habari ikaishia hapo. Nafasi yenyewe imepatikanaje, msomaji haambiwi. Hakuna kura iliyopigwa wala jopo lililokaa kusoma kazi zake. Kilichofanyika ni kuhesabu makala zake zimenukuliwa mara ngapi katika makala za wengine, na zipo njia nyingi za kuhesabu.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni fahirisi h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Chukua mtu mwenye makala kumi, uzipange kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 310, 44, 21, 12, 9, 7, 6, 6, 3, 1. Shuka ukihesabu: makala inatosha ikiwa nukuu zake hazipungui namba ya nafasi yake. Ya sita ina nukuu 7, imetosha. Ya saba ina 6, imepungukiwa. Basi h yake ni 6. Ile ya kwanza hata ingenukuliwa mara 31,000, h ingebaki 6. Tena h hupanda tu, haishuki, hata mwenyewe akistaafu. Ndiyo maana mzee aliyeandika miaka 40 na kijana wa miaka minane hawawekwi kwenye mizani moja.

Orodha mnayoiita "ya Stanford" imetengenezwa na John Ioannidis, profesa wa chuo kikuu hicho cha Marekani, na wenzake kwa data za Scopus, kanzidata ya makala za kisayansi na nukuu zake. Si tuzo ya chuo hicho. Huchanganya vipimo sita: jumla ya nukuu, h, h iliyorekebishwa kwa idadi ya waandishi, na nukuu za makala ambazo mtu aliandika peke yake, kisha ukiongeza alizotangulia jina, kisha na zile ambazo jina lake ni la mwisho. Lipo jedwali la maisha yote ya kazi na lipo la mwaka mmoja, na yote mawili huonyesha hesabu ikiwa na nukuu za kujinukuu na bila hizo. Mtu anaweza kung'ara kwenye la mwaka mmoja na asionekane kabisa kwenye la maisha. Clarivate, kampuni yenye orodha yake nyingine ya wanaonukuliwa sana, nao huanza na makala zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kunukuliwa, katika fani yake na mwaka wake. Kuwemo huku na kukosekana kule si ajabu, wala si kashfa.

Kwenye sayansi ya ardhi mambo huharibika kwa namna yake. Makala ya mwaka 2020 inayoeleza ERA5, data za hali ya hewa ya dunia nzima zinazotumiwa kila mahali, ina waandishi zaidi ya 40. Kwa jumla ya nukuu, kila mmoja wao huandikiwa maelfu yote kana kwamba aliandika peke yake. Kipimo kinachogawa kwa waandishi humpa kipande kidogo cha makala hiyo. Nani yuko juu ya nani? Inategemea umeshika kipimo kipi.

Halafu kuna kunukuliwa kwa sababu ya jedwali. Sun na McDonough walichapisha mwaka 1989 kazi kuhusu kemia ya basalti (miamba ya volkano) za bahari. Hadi leo, anayetaka kuchora mchoro wa elementi zilizomo kidogo sana kwenye mwamba huchukua namba za maabara, akazigawa kwa namba za jedwali lao, akawanukuu. Ni halali kabisa, jedwali ni zuri. Lakini wengi wa wanaonukuu hawajagusa hoja ya makala yenyewe.

Upande wa pili yuko mchora ramani. Karatasi moja ya ramani ya kijiolojia ya Tanzania hufunika nusu digrii kwa nusu digrii, takriban kilomita 55 kwa 55, na mistari inayotenganisha granaiti na mwamba wa kijani hutafutwa kwa kutembea kwa miguu. Mwenye leseni ya utafutaji madini huanza kazi na karatasi hiyo. Huitaja katika ripoti anayoiwasilisha serikalini, na ripoti hiyo Scopus haiioni. Mchoraji anabaki na sifuri.

La mwisho ni majina, na hapa watu wetu huumia sana. Mtu anayeandika "Hassan Juma" leo, "Juma, H." kesho na "H. J. Hassan" keshokutwa, kanzidata humfanya watu watatu wenye h ndogo ndogo. Au humuunganisha na Hassan Juma mwingine, daktari wa mifugo, akapata nukuu zisizo zake. Dawa ni kuchagua umbo moja la jina na jina moja la chuo, kufungua namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, ambayo ni bure, kisha kuwaomba Scopus waunganishe au watenganishe wasifu. Afanye mapema, maana orodha hutolewa kwenye data zilizofungwa tarehe maalumu. Akichelewa atasubiri ya mwaka unaofuata.

Mjiolojia,
Dodoma