Walimu wa hisabati wautazame mfuatano huu

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri walimu wa hisabati wa sekondari kuhusu mfuatano ambao mwanafunzi anaweza kuuchunguza kwa kalamu na karatasi tu. Namba zikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 pekee, kama zinavyohifadhiwa ndani ya kompyuta, baadhi yake husomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia: 5 ni 101, 9 ni 1001, na 27 ni 11011. Zote ni witiri, kwa kuwa tarakimu ya kwanza ni 1 na ya mwisho lazima ilingane nayo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba zile zenye idadi shufwa ya tarakimu, kama 9, 15, 33, 45 na 51, zote hugawanyika kwa 3. Kila tarakimu na pacha wake wa upande wa pili hukaa moja katika nafasi ya witiri na nyingine katika nafasi ya shufwa, na vipeo vya 2 vya nafasi hizo (1, 2, 4, 8 na kuendelea, kuanzia kulia), vikigawanywa kwa 3, huacha baki ya 1 na 2, ambazo jumla yake ni 3. Kwa hiyo, miongoni mwao, namba tasa ni 3 peke yake.

Naliomba gazeti lako lichapishe maswali ya namna hii katika kurasa za elimu.

Msomaji wako