Lainey hakuibuka juzi

Akinyi wangu, niaje? Natumai nyumbani wote wako poa na ile kikohozi ya mtoto imeisha.

Voisi noti yako nimeisikiza yote nikipika, na pale uliposema ati Lainey Wilson, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, ni wa juzi tu, ametolewa na ile series ya TV Yellowstone, hapo manze nimekataa. Yellowstone aliingia 2022. Nashville, mji wenyewe wa muziki wa kantri, alikuwa huko tangu 2011!

Sasa ngoja nikuambie, maana hii story naipenda kuliko hata nyimbo zake zingine. Kwao ni Baskin, kijiji kidogo huko Louisiana, babake mkulima wa mahindi na soya. Akiwa bado shule alikuwa anaitwa kwa baadei za watoto kuigiza Hannah Montana, yule msichana mwimbaji wa TV, anavaa wigi ya blondi, anaimba, analipwa, anarudi nyumbani. Akimaliza shule akafunga safari na ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, akaenda kuiegesha nje ya studio ya mzee mmoja wa pande za kwao, na humo ndani ndio aliishi kama miaka mitatu, maji na stima anapata kwa studio, wakati wa baridi gesi ya kuota moto inaisha na Nashville inashuka hadi barafu. Wewe na mimi tungerudi kwa mama wiki ya kwanza, usinidanganye.

American Idol, yale mashindano ya kuimba ya TV, alijaribu, wakamkataa. The Voice pia hivyo hivyo. Mkataba wa maana na lebo alipata 2018, yaani miaka saba akizunguka vibaa na kuandika nyimbo na watu. Grand Ole Opry, ile steji kubwa ya kantri huko Nashville, alisimama mara ya kwanza Februari 2020, halafu unajua mwenyewe Machi ilileta nini, kila kitu kikafungwa.

Na redio sasa, hapo ndio mimi hukasirika. Wewe ulifanya kazi redio utaelewa. Kule Marekani kuna mshauri wa redio za kantri, 2015, alisema wazi wazi mtu akitaka wasikilizaji apunguze nyimbo za wanawake, ati wanaume ndio majani ya saladi, wanawake ni nyanya, yaani wachache tu wa kuongezea juu. Nyanya! Watu walimrukia lakini stesheni zenyewe zikaendelea vile vile, wimbo wa mwanamke unapanda pole pole mpaka unasahau ulitoka lini. Things a Man Oughta Know ilipelekwa redio Agosti 2020 na ikafika namba moja Septemba 2021. Zaidi ya mwaka, Akinyi, wimbo mmoja tu. Hebu sikiza ile sauti yake kwa huo wimbo, haijaribu kuficha lafudhi ya kwao hata kidogo, nadhani ndio maana wengine walikuwa wanamwambia imezidi ukantri, na mimi ndio kitu kinanishika.

Kutoka hapo ni mbio tu, CMA ya 2023, zile tuzo kubwa za kantri, akachukua Entertainer of the Year, ambayo mwanamke hakuwa ameshinda tangu Taylor Swift 2011. Hizo za tuzo utajisomea.

Sasa Jumamosi ukija usilete tena ile flashi ya Kenny Rogers peke yake, hiyo baba yako atatuchezea Krismasi. Leta spika, mimi nina playlisti tayari, na soda ni juu yako.

Wako,
Nafula