Barua kwa Rehema kabla ya Ijumaa

Tabata, Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu. Tangu aione picha uliyotuma wakati wa Idi anauliza kama huko Nairobi chakula kinauzwa au kinaoneshwa tu. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Ningeendelea kunyamaza, lakini nina jambo ambalo natakiwa kulijibu kabla ya Ijumaa, na sina wa kumweleza ila wewe, kwa kuwa Hamisi atacheka kwanza ndipo asikilize.

Kampuni moja ya Amsterdam inataka kunipa kazi nikiwa hapa hapa Tabata, kwa sharti kwamba niachane na PHP, lugha ya kuandikia programu tuliyoizoea, na niandike lugha nyingine, TypeScript, peke yake. Usaili nilifaulu baada ya miezi miwili ya kukesha nikijifunza, na malipo ni zaidi ya mara mbili ya ninachopata sasa. Mtu mwingine angesaini usiku ule ule. Mimi mkataba nimeuchapisha na kuuweka juu ya friji, na kila nikienda kuchukua maji unanitazama.

Kuhama lugha si kitu kigeni kwetu. Tulipoingia chuo mwaka 2006 tulifundishwa Visual Basic 6 na kuhakikishiwa kwamba ndiyo ajira. Aprili 2008, kabla hatujahitimu, Microsoft wenyewe walikuwa wameacha kuihudumia. Tukakimbilia PHP, tukawacheka kaka zetu waliong'ang'ania Perl. Sasa zamu ya kuchekwa ni yetu. Mwaka 2024, akili mnemba ilipopamba moto, lugha ya Python iliipiku JavaScript kwa kutumiwa zaidi kwenye GitHub, ule mtandao ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, na vijana wa ofisini kwetu wakajiandikisha kozi za Python. Agosti 2025 TypeScript ikazipita zote mbili, nao wakageuza tanga. Nami niligeuka nao, sikufichi. Lakini mfumo wetu wa Kariakoo, ule wa chama cha akiba na mikopo, haujawahi kufika GitHub, kwa hiyo hakuna hesabu inayoujua.

Wiki iliyopita nilikwenda pale kwenye chama. Neema bado yupo dirishani: anabonyeza kuhifadhi, anakunja mikono, anahesabu hadi tano, ndipo anaivuta stakabadhi. Nilifungua faili la programu linalokokotoa riba nikakuta maneno yako ya mwaka 2013: "Usiguse hapa, hata mimi sielewi." Miaka kumi na mitatu, Rehema, hakuna aliyegusa, na mikopo inalipwa! Nilicheka hadi Neema akadhani nimeona kosa katika mahesabu yake. Tatizo ni kwamba ile ni PHP ya toleo la 5, iliyoachwa bila matengenezo tangu mwisho wa 2018, na nikiondoka sijui nani ataihamisha. Vijana wawili niliowauliza walinijibu kwa upole kwamba wao hawaandiki PHP, kama mtu anayekataa ugali harusini. Ilhali WordPress, programu ya kutengenezea tovuti inayobeba zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, imeandikwa kwa lugha hiyo hiyo.

Nirudi kwenye mkataba. Tulipoanza, kazi ilifanywa alipo mteja, na mabadiliko tuliyabeba kwenye flashi hadi Kariakoo. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, ule wa chini ya bahari, ulipofika hapa Julai 2009, mambo yakaanza kubadilika. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa; siku hizi unaweza kucheza kwenu ukatunzwa na watu wasiokujua hata kwa sura. Ila mtunzaji wa mbali huondoka bila kuaga. Mkataba unaniita mkandarasi binafsi: hakuna NSSF, hakuna likizo, na wanaweza kuuvunja kwa notisi ya wiki mbili. Saa ambazo sipo mtandaoni hazilipwi, nami nikakumbuka Mei 2024 mikongo ilipokatika, nilivyoshinda nusu siku nikituma faili moja.

Kisha nikaikumbuka barua yako ya mwaka 2019, Andela, ile kampuni ya kuwaunganisha waandishi wa programu wa Afrika na wateja wa nje, ilipowapunguza vijana wa Lagos, Kampala na huko Nairobi. Walioondolewa walikuwa wale wanaoanza, kwa sababu wateja walitaka wazoefu. Hapo ndipo usingizi unaponipaa. Katika PHP mimi ni mzoefu, hata nikichekwa. Katika TypeScript ni mwanafunzi wa miezi miwili mwenye mvi, na Amsterdam hawajui kwamba... basi, huenda wanajua, ndiyo maana wakaweka zile wiki mbili.

Nimewaza kuendelea kumhudumia Neema siku za Jumamosi, lakini kifungu cha tisa kinakataza kazi nyingine yoyote. Nimekuambatanishia nakala. Je, kwako pia waliweka kifungu kama hicho, na waliwahi kukifuata kweli? Wale wa 2019 waliobadili lugha wakiwa watu wazima, walifika wapi? Ungekuwa wewe, ungeomba notisi ya miezi mitatu, au ungeogopa wasikupe kabisa? Unaweza kuuchukua mfumo wa Kariakoo ukiwa huko huko, hata kwa mwaka mmoja? Na kwa jina la Mungu, pale kwenye riba ulikuwa unagawanya kwa 11 kwa nini?

Ni mimi,
Zuhura