Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeicheka sindano yangu

Mdogo wangu wa Arusha,

Juzi kwenye simu ulicheka uliposikia kwamba kwenye mkoba wangu wa kutembelea wagonjwa, kando ya glavu na mashine ya presha, nabeba sindano ya magunia, uzi wa katani na vipande vya vitenge nilivyoomba kwa fundi cherehani, vya kutengeneza vijitabu pamoja na wagonjwa. "Dada, umekuwa mwalimu wa chekechea?" Salio lilikuwa linaisha, nikajibu kwa mzaha. Sasa kaa nikujibu, maana nawe umeanza kazi ya kulea wazee.

Kila nikitoka kwa mgonjwa najaza fomu: presha, dawa, kidonda. Siidharau. Lakini mgonjwa mwenyewe haisomi, wala haina nafasi ya kuandika kwamba haogopi kufa, anaogopa kuzikwa mbali na kihamba chake, shamba la ukoo lenye migomba.

Nilianza vibaya, nikuambie ukweli. Kuna bibi mmoja huku Moshi, mkono wake wa kulia ulilegea baada ya kiharusi. Nikajifanya mwema, nikamwandikia kijitabu cha maisha yake kwa mwandiko wangu mzuri, nikabandika na maua. Akakigeuzageuza, akanirudishia. "Hiki chako, mwanangu."

Wiki iliyofuata nikaenda na karatasi tupu. Chukua A4, ikunje nusu mara tatu ipate vyumba nane, ifungue, kata mkunjo mrefu wa katikati kwenye vyumba viwili vya kati tu, kisha ikunje kwa urefu na sukuma ncha mbili zikutane. Unapata kijitabu cha kurasa nane bila uzi wala gundi. Mkono mzima unakunja, uliolegea unakandamiza. (Gundi ya unga wa ngano iache kwanza. Mende wanaipenda kuliko wazee.)

Akachora kwa mkono wa kushoto, mistari ikitetemeka. Masale, ile mimea ya majani marefu, ukurasa mzima. Nikadhani pambo. Kumbe ule ulikuwa mpaka wa shamba! Akanionyesha kwa kidole: hapa masale ya baba mkwe, hapa migomba aliyoipanda mwenyewe mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza, hapa mfereji.

Mashemeji walishaanza kusema mjane hana chake. Mimi nilikuwa nimemweleza mara mbili kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Alitikisa kichwa tu. Lakini kijitabu alikibeba mwenyewe hadi kwenye kikao cha ukoo, kikapita mkono kwa mkono. Sitakudanganya kwamba yameisha, bado wanavutana. Ila siku ile maswali aliulizwa yeye, si mwanawe wa kiume.

Usidhani nimebuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa Uganda wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika chama chao cha NACWOLA, walitengenezea watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wenu ni huu, ulizaliwa hivi, baba yako alipenda hiki. Dawa za kufubaza virusi wakati huo wengi hawakuzipata. Wengi walianza kwa nia ya kuaga, na kumbe kile kitabu kikawa mlango wa kumwambia mtoto ugonjwa ambao mdomo ulishindwa kuutaja, na wa kupanga atalelewa na nani. Nani angeita ile kazi ya chekechea?

Sasa yule mzee wako anayeficha vifuniko vya soda chini ya mto, ambaye wenzako wanataka kumsafishia kitanda. Usivitupe. Kunja karatasi tano pamoja, zishone kwa matundu matatu kwenye mkunjo: ingia tundu la kati, toka la juu, ingia la chini, toka tena la kati, funga fundo hapo. Ndani ya jalada shonea mfuko wa kitenge, mpe, kisha nyamaza. Asipotaka kuchora, asichore. Na akichora usipige picha mpaka aseme mwenyewe.

Vitenge nimevifunga, vinakuja Jumamosi na basi la saa nne. Kavipokee stendi. Chakavu ni vya kufanyia mazoezi. Kile cha bluu mwachie achague yeye.

Dada yako